UZI: Kinu kikiharibika saa tisa usiku, nani yuko zamu?

Mjadala wa nyuklia ukianza hapa Kenya huwa unaishia pahali pawili. Upande mmoja unasema "Chernobyl!" Upande wa pili unasema "stima bei nafuu, na vijana wetu tayari wamesomeshwa Korea Kusini." Wakisharushiana hizo mbili, kila mtu anaenda kulala akijiona ameshinda.

Mimi nasoma sayansi ya siasa, sio uhandisi. Kama kinu ni salama au si salama, waulizeni wenye fani yao. Swali langu ni la utawala: siku mambo yakiharibika, ni watu wangapi wako kazini saa hiyo, nani anawalipa, na wenzao wanafika baada ya dakika ngapi? Sitataja mwanasiasa wala chama, mnanijua.

Kwanza tuwekane sawa. Serikali ina shirika la kupanga nyuklia, NuPEA, na ina msimamizi wake, KNRA, iliyoundwa na sheria ya 2019. Mpango uliotangazwa ulikuwa kituo cha megawati 1,000, ujenzi uanze 2027 na umeme utoke 2034. Kaunti kadhaa za Pwani ziliangaliwa, Kwale yetu ikiwemo, halafu jicho likatua Uyombo, kule Kilifi. Wenyeji wakakataa. Mei 2024 waliandamana, polisi wakaingia, watu wakaumia. Kufikia 2025 mazungumzo yakawa yamehamia Siaya, ufuoni mwa Ziwa Victoria.

Kwa hiyo kuna jamaa wananiambia, "Wewe wa Mackinnon Road inakuhusu nini? Imeshaenda Siaya." Ngojeni, tutafika.

Tuanze na hesabu ambayo sijawahi kuisikia kwenye mdahalo wowote. Wiki ina saa 168. Mtu wa kazi ya kawaida anafanya saa 40. Gawanya, utapata 4.2. Yaani kiti kimoja kisichotakiwa kubaki wazi hata dakika moja kinataka watu wanne na zaidi. Ongeza likizo, ugonjwa, uzazi na siku za mafunzo, unafika watano au sita. Kwa hiyo mtu akisimama jukwaani akasema "tutakuwa na wataalamu 10 wa dharura", muulize: kumi kwenye orodha ya mshahara, au kumi kila zamu? Kumi kwenye orodha ni wawili usiku wa manane. Kumi kila zamu ni kama watu 50 hadi 60. Hapo tu ndipo bajeti nyingi zinapodanganya, na sio za nyuklia peke yake. Angalia zahanati yoyote yenye "wauguzi watatu" halafu nenda Jumapili usiku.

Wamarekani walijifunza hili kwa hofu. Machi 1979 kinu cha Three Mile Island kiliyeyuka sehemu, na mwaka uliofuata ukatoka mwongozo: kila zamu iwe na watu wasiopungua kama 10 wa kubeba kazi za dharura, halafu wengine waongezeke ndani ya dakika 30, na wengine ndani ya dakika 60. Mantiki yake ni rahisi. Saa ya kwanza hakuna anayekuja kukuokoa. Uliyenaye ndiye uliyenaye.

Mwaka 2011 wakaongeza kanuni nyingine ambayo naona ni ya akili sana: kila kituo kithibitishe kwa maandishi kwamba mtu aliyepangiwa kazi ya dharura hana kazi nyingine wakati huohuo. Maana kwenye makaratasi ilikuwa rahisi jina moja litokee mara tatu. Yeye ndiye wa kuzima moto, yeye ndiye wa kupima mionzi, yeye ndiye wa kupiga simu kwa serikali. Mtu mmoja, kofia tatu, na mikono ni ileile miwili.

Halafu Fukushima, Machi 11, 2011. Kituo kilikuwa na vinu sita, vitatu vikifanya kazi. Tetemeko, kisha tsunami, umeme ukakatika, na vinu vyote vitatu vikaharibika pamoja. Mipango ya dunia nzima ilizoea kuwaza kinu kimoja kwa wakati mmoja. Machi 15 wafanyakazi wapatao 650 waliondolewa, wakabaki kama 70. Magazeti yakawaita "Hamsini wa Fukushima" na dunia ikawasifu ushujaa. Ushujaa ni kweli. Lakini mimi nikisikia shujaa kwenye habari ya serikali, nauliza kwanza nani alikosekana hadi shujaa akahitajika. Mwaka uliofuata msimamizi wa Marekani aliviandikia vituo vyote akiuliza: vinu vyenu vyote vikiharibika siku moja na barabara zikakatika, mna watu wa kutosha?

Sasa tutoke nje ya ua wa kituo, kwa sababu hapa ndipo siasa ilipo.

Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Sera ya nishati ni ya serikali ya kitaifa. Haya, sasa shuka Sehemu ya 2, kazi za kaunti, kipengele cha 12: huduma za zimamoto na usimamizi wa majanga. Ambulensi nazo ziko kwa kaunti, chini ya afya. Usimamizi wa majanga umeandikwa pia upande wa kitaifa, kwa hivyo tayari kuna kazi moja yenye wenyewe wawili, na nyote mnajua chakula cha wapishi wawili.

Maana yake ni hii: anayeamua kinu kijengwe ni Nairobi, lakini gari jekundu litakalotumwa, dereva wake, na muuguzi wa ndani ya ambulensi ni wa gavana. Na hao wahudumu wa afya wana historia yao. Madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, wakagoma tena siku 56 mwaka 2024. Siwalaumu hata kidogo, madai yao yalikuwa ya haki kabisa kwa maoni yangu. Nauliza tu: mpango wa dharura wa kinu unafanyaje kazi kama nusu ya watu wake wako mgomoni kwa sababu ya mkataba uliotiwa saini na kusahaulika?

Kuna kisa ambacho kila anayebishana kuhusu ugatuzi anafaa akijue. Shoreham, Long Island, jimbo la New York. Kampuni ya umeme ilijenga kinu, kikagharimu takriban dola bilioni 6. Mwaka 1983 kaunti ya Suffolk ikasema: tumeangalia barabara zetu, hatuwezi kuhamisha watu salama, na hatutashiriki kwenye mpango wa dharura. Kampuni ikajibu, basi tutatumia wafanyakazi wetu kuongoza magari na kuhamisha watu. Mahakama ya jimbo ikasema hapana, hiyo ni mamlaka ya dola, kampuni haina. Kaunti ilikuwa pia imewauliza madereva wa mabasi ya shule na wazima moto wa kujitolea wangefanya nini kwanza siku ya ajali. Wengi walijibu kwamba wangeanza na familia zao. Wewe ungejibu nini? Mwaka 1989 ukafikiwa mkataba: kinu kikauzwa kwa jimbo kwa dola moja, kikabomolewa. Hakikuwahi kuuza umeme kwa biashara, na kilichokiua hakikuwa mionzi. Ilikuwa kaunti iliyokataa kutoa watu wake.

Ndiyo maana naona Uyombo walikuwa na hoja kali kuliko ile waliyoipigia kelele zaidi. Mabango mengi yalikuwa ya samaki, mikoko na saratani, na hiyo ni haki yao. Lakini swali la nani atazima moto lingemlazimisha mtu wa Nairobi kujibu kwa takwimu.

Sasa jibu la yule aliyeniuliza inanihusu nini. Mimi niko Mackinnon Road. Kutoka hapa hadi Uyombo ni zaidi ya kilomita 80, kwa hiyo hata kwa vipimo vya Marekani, ambako eneo la kuangalia vyakula linafika maili 50, sisi tungekuwa nje. Lakini angalia barabara. Msaada mkubwa ukitoka Nairobi kwa gari, njia ya kawaida ni hii barabara kuu inayopita mbele yetu. Hapo bado hujafika Mariakani. Ukifika, upite Mombasa au ukate Kaloleni, mwisho wa yote lazima uvuke daraja la Kilifi. Kanuni inasema dakika 60. Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480, malori yakiwa yamepangana. Sisi wa barabarani tunajua: lori la mafuta likipinduka usiku, wa kwanza kufika ni vijana wa bodaboda na akina mama wa vibandani. Sachang'wan, Januari 2009, zaidi ya watu 100 walikufa lori la mafuta liliposhika moto wakiwa wanachota. Nchi yetu saa ya kwanza huwa ya raia. Kwa petroli ni hatari. Kwa mionzi, raia asiye na kipimo hajui hata kama ameshaingia ndani ya moto.

Wazima moto wa Chernobyl walifika ndani ya dakika chache usiku wa Aprili 26, 1986, bila vifaa vya kujikinga na mionzi. Kati yao na wafanyakazi wa zamu, 28 walikufa kwa ugonjwa wa mionzi miezi michache iliyofuata. Kufika haraka hakutoshi kama hujafundishwa unafika kwenye nini.

Na kuna wale ambao hakuna anayewahesabu. Karibu na Fukushima kulikuwa na hospitali ya Futaba, yenye wazee na wagonjwa wasioweza kutembea. Amri ya kuhama ilipotoka, wagonjwa walipakiwa kwenye mabasi, safari ndefu, bila wauguzi wa kutosha wa kuwaangalia. Zaidi ya 40 walikufa. Walikosa mtu wa kuwashikia dripu. Kwa hiyo dereva wa basi na muuguzi wa kijijini nao ni wafanyakazi wa dharura wa nyuklia, hata kama hawajawahi kuona kinu.

Inawezekana kufanya vizuri. Koeberg, karibu na Cape Town, ndicho kituo pekee cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi Afrika kwa sasa. Wana maeneo mawili ya mpango, kilomita 5 na kilomita 16, na jiji lenyewe limo ndani ya mpango, hadi kwenye kuruhusu nani ajenge nyumba wapi. Wanajaribu ving'ora, wanafanya mazoezi. Hiyo ni pesa ya kila mwaka kwa miaka yote ya kituo, haiishi siku ya kukata utepe.

Kwa Siaya, maswali ni yaleyale, na ziwa halina mpaka wa kaunti wala wa nchi. Wavuvi wa Uganda na Tanzania hawapigi kura Kenya, lakini wanakula samaki walewale.

Najua kuna mtu anaandika tayari: "Siku hizi kuna vinu vidogo, havihitaji watu wengi." Ni kweli wanaoviuza wanasema hivyo, na mwaka 2023 Marekani ilipitisha kanuni inayoruhusu eneo la dharura liwe dogo kwa vinu vya aina hiyo, mradi mwombaji athibitishe. Akija nacho kwako, usibishane kuhusu ukubwa wa kinu. Mwambie alete orodha ya zamu ya Jumapili usiku, na barua ya kaunti inayokubali kulipa upande wake.