Kujaza fataki za risasi nyumbani: hesabu ya Marekani na tahadhari ya mpakani

Mfanyabiashara wa mpakani anaijua vizuri biashara ya kujaza upya. Katriji ya printa iliyokauka hudungwa sindano ya wino ikarudi kazini. Kiberiti cha gesi, ambacho mwenye kiwanda alitaka kitupwe, hujazwa kikauzwa tena. Chupa ya soda huwa ya mafuta ya taa. Swali ni moja tu: ukijumlisha nauli, muda na hasara ya vinavyoharibika, kinabaki nini mfukoni?

Swali hilohilo limekuwa likiulizwa Marekani kuhusu kitu kidogo kuliko kifungo cha shati. Kitu hicho ni fataki, kile kikombe kilichopachikwa kitakoni mwa risasi. Je, inalipa kuijaza upya nyumbani baada ya kufyatuliwa?

Jibu fupi ni hapana. Lakini njia ya kulifikia jibu hilo ina mambo ambayo yeyote anayevusha magunia ya vyuma chakavu anapaswa kuyajua, kwa sababu kitu ambacho Mmarekani anakiweka wazi juu ya meza ya gereji yake kinaweza kumpeleka mtu wa Namanga au Mutukula mahakamani.

Risasi moja nzima ina vitu vinne. Kuna ganda, ambalo mara nyingi ni la shaba ya njano, yaani shaba asilimia 70 na zinki 30. Ndani yake kuna baruti. Mbele kuna kichwa kinachoruka. Na kitakoni, katikati, ndipo ilipo fataki yenye kipenyo cha milimita 4 hadi 5 na ushei. Ndani ya kikombe chake kuna tone la kemikali lililokauka, na juu ya tone hilo kipande kidogo cha chuma kinachofanya kazi ya fuawe. Pini ya bunduki ikigonga, kemikali hubanwa kati ya kikombe na fuawe, cheche hutoka, baruti inawaka.

Ganda lililotunzwa hujazwa mara kadhaa. Baruti hununuliwa kwa kopo. Kichwa mtu anaweza kukisubu mwenyewe kwa madini ya risasi (Kiswahili hakikujisumbua kutafuta neno la pili). Fataki peke yake hutumika mara moja ikaisha. Kwa hiyo mamilioni ya Wamarekani wanaojaza risasi zao wenyewe, jambo ambalo sheria ya shirikisho inaliruhusu bila leseni maadamu hawauzi, wanategemea duka kwa kitu hicho kimoja.

Duka likakauka mwaka 2020. Janga la corona lilikuja pamoja na maandamano na uchaguzi mkali, na watu wakakimbilia silaha. Mfumo wa FBI wa kuhakiki wanunuzi ulipokea maombi milioni 39.7 mwaka huo, kutoka milioni 28.4 mwaka uliotangulia. Viwanda vilipeleka fataki zao kwanza kwenye risasi zilizokamilika, kwa kuwa huko ndiko faida iliko, na wajazaji wa nyumbani wakabaki na rafu tupu. Boksi la fataki 1,000 lililokuwa likiuzwa kati ya dola 30 na 40 likavuka dola 100 mikononi mwa walanguzi.

Ukitazama wauzaji ni wangapi, bei hiyo haishangazi. Kwa miaka mingi fataki za soko hilo zimetoka hasa kwa majina manne: CCI, Federal, Remington na Winchester. Remington ilifilisika Julai 2020, na kampuni ya Vista Outdoor, iliyokuwa tayari inamiliki CCI na Federal, ikanunua biashara yake ya risasi kwa dola milioni 81.4. Mwishoni mwa 2024 majina yote hayo matatu yakahamia kwa mmiliki mmoja wa Jamhuri ya Czech, Czechoslovak Group. Anayenunua sukari au saruji kutoka kwa wasambazaji wawili tu mpaka mzima anajua maana yake.

Hapo ndipo watu walipoanza kuokota fataki zilizokwisha kutumika, kuzing'oa, kuzinyoosha alama ya pini na kuzijaza upya kwa michanganyiko ya nyumbani. Jinsi wanavyofanya haina nafasi katika ukurasa huu. Hesabu ndiyo inayotuhusu.

Tuseme mtu ana mkono mwepesi na anakamilisha fataki moja kwa dakika, kuanzia kung'oa hadi kukausha. Hicho ni kipimo cha ukarimu. Fataki 1,000 zitamla saa karibu 17. Kima cha chini cha mshahara cha shirikisho nchini Marekani ni dola 7.25 kwa saa, na hakijapanda tangu 2009. Kwa malipo hayo ya chini kabisa, kazi yake ina thamani ya dola 121 hivi. Hajanunua kemikali, hajanunua vifaa, hajatoa zilizoharibika. Bei ya ulanguzi ya dola 100 bado inamshinda. Bei ya kawaida ya dola 40 inamfanya aonekane anajiajiri kwa senti.

Mwenye kutetea atasema muda wa jioni hauna bei, kwamba angekuwa anatazama mpira. Sawa, tuuondoe muda. Zinabaki gharama mbili ambazo haziondoki.

Ya kwanza ni fataki inayogoma. Kiwandani, uzito wa tone la kemikali huangaliwa kwa makini, kwa sababu likipungua baruti haiwaki vizuri, na likizidi msukumo unabadilika. Nyumbani kipimo ni jicho na bahati. Risasi ikigoma kabisa, mwindaji anapoteza mnyama. Ikichelewa, ikalipuka sekunde moja baada ya pini kugonga, wakati mtu ameanza kufungua bunduki aone kuna nini, anaweza kupoteza jicho. Kuna pia kutu: baadhi ya michanganyiko ya zamani inayorudiwa nyumbani huacha chumvi inayovuta unyevu ndani ya mtutu, na bunduki ya mamia ya dola ikaliwa na fataki ya senti nne.

Ya pili ni kemikali yenyewe. Kitu kinachotakiwa kulipuka kwa kugongwa hakimchagulii mgongaji. Msuguano unatosha, na umeme mdogo wa mwilini, ule unaomshtua mtu akigusa mlango wa gari siku kavu, unatosha. Kwa sababu hiyo viwanda hushughulikia mchanganyiko huo ukiwa umelowa, kwa kiasi kidogo kidogo, nyuma ya kuta za kinga, na wafanyakazi waliofundishwa. Nyingi ya fataki za leo zina kemikali ya madini ya risasi, ambayo vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Meza ya jikoni haina lolote kati ya kinga hizo. Kidole kimoja kikikatika, hesabu ya maisha yote ya kujaza fataki imefungwa kwa hasara.

Kwa maoni yangu, waliopata faida kweli Marekani ni wale walionunua mapema. Boksi la fataki 1,000 halifikii ukubwa wa tofali, na likihifadhiwa pakavu hudumu miaka mingi. Aliyeweka maboksi machache mwaka 2018 hakuhitaji kujifunza ukemia mwaka 2021. Ni ujanja wa muuza mahindi mwenye ghala, uleule.

Neno fataki lenyewe lina safari ndefu katika biashara yetu. Mchungaji wa Scotland, Alexander Forsyth, alipata hataza mwaka 1807 ya kuwasha baruti kwa kemikali inayogongwa, badala ya cheche ya jiwe. Teknolojia hiyo ilipofika pwani na kupanda bara na misafara, wafanyabiashara walitofautisha gumegume linalowashwa kwa jiwe na bunduki ya fataki. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipozuia kuingiza silaha kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, eneo lililoifunika Afrika Mashariki yote, uliacha mlango wazi kwa masharti: gumegume lenye mtutu usio na mifereji, na baruti ya kawaida ya biashara. Mwenye gumegume aliokota jiwe porini. Mwenye bunduki ya fataki alilazimika kurudi kwa muuzaji, na muuzaji alikuwa na forodha juu yake.

Udhibiti wa leo umesimama palepale. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya silaha ya 2001 inahesabu kuwa risasi si kitu kizima tu. Ganda, fataki, baruti na kichwa pia vinaingia, pale ambapo nchi mwanachama imeviweka chini ya kibali. Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 ilileta udhibiti wa silaha ndogo katika ukanda wetu wa Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, Uganda ina yake ya 1970, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Zote zinataka leseni kwa anayetengeneza au kuuza risasi. Hobi ya gereji haina mlango huku. Utengenezaji upo katika viwanda vya serikali kama Mzinga mkoani Morogoro na kile cha Eldoret.

Hata anayetaka kujaribu atakutana na ukuta wa kiufundi. Fataki za Marekani ni za mfumo wa Boxer, ambazo hung'oka kirahisi. Risasi za kijeshi za bunduki aina ya AK zilizotapakaa katika migogoro ya ukanda huu nyingi ni za mfumo wa Berdan, ambao fuawe yake ni sehemu ya ganda lenyewe, na ganda mara nyingi ni la chuma. Ni vigumu kuling'oa fataki, na hata kwa bei ya chakavu halina shaba ya kujivunia.

Kinachobaki kwa msomaji wa gazeti hili ni gunia. Maganda ya shaba ya njano huingia katika chakavu pamoja na mabomba na vitasa, na kuna wanaoamini kwamba yakishafyatuliwa ni chuma tu. Forodha inayaona vingine. Risasi na sehemu zake zimo katika Sura ya 93 ya mpangilio wa ushuru, na Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inaweka silaha na risasi za sura hiyo katika orodha ya bidhaa zinazoingia kwa kibali tu. Fataki zina namba yake, 3603, pamoja na tambi za baruti na viwashio vya migodini. Utaratibu rahisi wa mizigo isiyozidi dola 2,000, ambao wengi wetu tunautumia kwa mchele na vitenge, hauondoi sharti la kibali.

Chambua gunia kabla ya kupima, siyo mbele ya afisa. Maganda yakionekana, muulize aliyekuuzia yametoka wapi, na kama hana jibu wala karatasi, mrudishie. Ganda lenye kichwa bado, au lenye fataki isiyo na alama ya pini, lina uhai: likiingia kwenye tanuri linalipuka. Usiligonge wala kulifungua. Liache lilipo, waondoe watu, na waite polisi kabla lori halijafika mpakani.