Vidonda vya Tumbo Hutibika

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo hakuna ugonjwa unaotajwa kwa wepesi kama vidonda vya tumbo. Kila mwenye maumivu chini ya chembe cha moyo, na kila anayechomwa kifuani baada ya kula maharage, hujihesabu miongoni mwa wenye vidonda. Wapo wanaoishi na jina hilo miaka mingi bila kupimwa hata mara moja, wakinunua vidonge vya kutuliza asidi na kuamini kwamba huo ni msalaba wao hadi kaburini. Tunaandika hasa kwa ajili yao, kwa kuwa vidonda vingi vya tumbo hupona kabisa.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kiungulia ni asidi ya tumbo inayopanda katika umio na kuuchoma. Kidonda ni jeraha halisi katika ukuta wa tumbo, au wa sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Dalili zake huingiliana na za magonjwa mengine, wala hakuna jirani awezaye kuzitofautisha kwa kusikiliza tu.

Kwa muda mrefu madaktari wenyewe walifundisha kwamba chanzo ni mawazo mengi na vyakula vikali. Mwaka 1982, huko Perth nchini Australia, Barry Marshall na Robin Warren walifaulu kuotesha katika maabara bakteria aliyejipinda waliyemkuta katika matumbo ya wagonjwa. Wengi hawakuwasadiki, kwani ilidhaniwa hakuna bakteria awezaye kustawi katika asidi kali namna ile. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe maji yenye bakteria hao, na baada ya siku chache akaugua tumbo. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyo, Helicobacter pylori, hutengeneza amonia inayopunguza ukali wa asidi iliyomzunguka, na hudhoofisha ute unaoulinda ukuta wa tumbo. Wengi humpata utotoni, na walio wengi kati yao hawapati vidonda kamwe.

Chanzo cha pili tunakinunua wenyewe: dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Mzee anayezimeza kila siku kwa ajili ya magoti yumo hatarini, hata kama hajawahi kusikia maumivu ya tumbo. Parasetamoli haimo katika kundi hili. Ama maziwa, ambayo wengi huyategemea, hutuliza kwa kitambo kisha huchochea asidi zaidi.

Kipimo cha kinyesi au cha pumzi huonyesha kama bakteria yupo sasa. Kile cha damu huweza kubaki chanya muda mrefu baada ya mtu kupona. Anayekwenda kupima aeleze kama ametumia omeprazoli katika majuma mawili yaliyopita, au antibayotiki katika mwezi uliopita, kwani dawa hizo huweza kumficha bakteria. Tiba kwa kawaida ni antibayotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Hapa ndipo wengi hukwama: maumivu yakipoa siku ya tano, vidonge vilivyobaki hutunzwa kabatini au hugawiwa ndugu. Bakteria waliosalia huweza kuwa sugu, na tiba ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza.

Kila Kwaresima huulizwa habari ya kufunga. Sheria ya Kanisa huwahusu waamini kuanzia miaka 18 hadi mwanzo wa mwaka wa 60, lakini haimfungi mgonjwa ambaye kufunga kungemdhuru. Mwenye shaka amwone paroko, ambaye kwa sababu ya haki aweza kumwondolea wajibu huo au kumpa tendo jingine la toba. Kujificha na kuumia kimya hakudaiwi na mtu yeyote.

Liko jambo moja lisilongoja miadi. Mtu akitapika damu au kitu kama unga wa kahawa, akipata choo cheusi kinachonata kama lami, au akishikwa ghafla na maumivu makali huku tumbo likikakamaa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku.