Mgeni Katika Nyanda za Ufipa: Sumbawanga na Maziwa Yake Mawili (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza njia za kuifikia Sumbawanga, yaani reli ya TAZARA hadi Mbeya au Tunduma, na barabara ya lami ya kilomita zipatazo 224 inayotoka Tunduma kupitia Laela, ambayo ilijengwa kwa fedha za Marekani chini ya mkataba uliotiwa saini mwaka 2008, na ambayo imeondoa mashaka ya safari ya masika, wakati magari yalipokwama matopeni na abiria wakalazimika kulala njiani. Sehemu hii inahusu mambo yanayomkuta msafiri akishateremka stendi. Karibu kila jambo linalomshangaza mgeni wa Ufipa, kuanzia baridi ya alfajiri na maharage yanayochelewa kuiva hadi radi zinazosimuliwa kwa hofu katika mikoa mingine, lina mzizi mmoja, nao ni mwinuko wa nchi yenyewe. Anayeuelewa mwinuko huo hupanga safari yake vizuri, na asiyeuelewa huondoka na malalamiko, au huondoka na uvumi ule ule aliokuja nao.

Nyanda za Ufipa ni bonge la ardhi ya kale lililobaki juu pale nchi ilipodidimia pande zake mbili kwa kufanyika Bonde la Ufa. Upande wa magharibi liko Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari na kina chake hufikia mita 1,470. Upande wa mashariki liko Ziwa Rukwa, lililo kwenye mwinuko wa mita 800 hivi, ziwa la kina kifupi na lenye magadi, ambalo hupokea mito lakini halina mto hata mmoja unaotoka, na kwa hiyo hupanuka na kusinyaa kwa kadiri ya mvua za miaka. Mji wa Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa ulioanzishwa mwaka 1974, uko kati ya maziwa hayo kwenye mita zipatazo 1,800, kwa hiyo mtu aliyesimama sokoni yuko takriban kilomita moja nzima juu ya mvuvi wa Kasanga, mwambaoni mwa Tanganyika, na juu ya mvuvi wa Rukwa vilevile.

Kilomita hiyo moja ina maana kubwa mwilini. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 hadi 7 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo msafiri aliyetoka Dar es Salaam akiwa amevaa shati jepesi huukuta mji ulio na hali ya hewa isiyofanana kabisa na ile aliyoiacha, hasa mwezi Juni na Julai, wakati upepo wa kusini unapovuma juu ya nyika zisizo na miti ya kuukinga. Sweta, soksi nzito na kitu cha kufunika kichwa si anasa huko, na anayepanga chumba katika gesti za bei nafuu afanye busara ya kuuliza mapema kama lipo blanketi la pili na kama maji ya kuoga huchemshwa. Jikoni nako mwinuko huonekana. Kwa kuwa kanieneo ya hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda, maji katika mji huo huchemka yakifika nyuzi 94 hivi badala ya nyuzi 100, na hapo moto ukiongezwa hayapati joto zaidi, bali hugeuka mvuke upesi zaidi. Ndiyo sababu maharage, chakula kikuu cha wenyeji pamoja na ugali wa mahindi au wa ulezi, hukaa jikoni muda mrefu kuliko pwani, na ndiyo sababu mgeni anayeagiza maharage kwa mama lishe kabla ya saa sita asidhani anacheleweshwa kwa uzembe.

Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na pamoja nayo huja radi, ambayo kwa bahati mbaya imeupa mji huu sifa ya uchawi kote Tanzania, kiasi kwamba watumishi wa serikali wanaopangiwa kazi huko hupewa na jamaa zao maonyo ambayo mengine hayana mguu wala kichwa. Jambo hili lafaa lielezwe bila kuwadharau wanaoliamini na bila kulipamba. Hewa yenye unyevu kutoka kwenye maziwa mawili husukumwa juu na kingo za nyanda, hupoa ghafla, hujenga mawingu marefu ya ngurumo, na chini ya mawingu hayo iko nchi ya nyasi iliyo wazi ambamo mtu, ng'ombe, mti mmoja au kibanda cha shambani huwa ndicho kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu. Katika nchi ya namna hiyo vifo vya radi si jambo la kutarajiwa kuwa nadra, na msiba unaoingia nyumba moja ukaiacha ya jirani hutafutiwa maelezo. Kinachomfaa mgeni ni kujua kwamba sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde 3 hivi; akiuona mwanga na kusikia ngurumo kabla ya kuhesabu 30, mawingu yako ndani ya kilomita 10, na wakati huo hapaswi kuwa uwanjani, mtoni, chini ya mti wa pekee wala juu ya pikipiki, bali ndani ya nyumba imara au ndani ya gari lililofungwa vioo.

Sifa hiyo ya hofu haikuwapo katika maandishi ya wasafiri wa zamani, na hili lafaa kukumbukwa. Joseph Thomson, Mskoti kijana aliyelazimika kuuongoza msafara baada ya kiongozi wake Keith Johnston kufariki huko Behobeho mwaka 1879, alipita Ufipa mwaka 1880 akiwa na Chuma, yule yule aliyesaidia kuubeba mwili wa Livingstone hadi pwani, kama kiongozi wa wapagazi. Aliliona Ziwa Rukwa na kulipa jina la Leopold ambalo halikudumu, na Wafipa aliwaeleza kuwa watu wa amani waliojitoa katika kilimo kuliko wengine aliowaona njiani. Karne moja baadaye mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi miongoni mwao na kuandika historia ya falme zao za Nkansi na Lyangalile, alitoa picha isiyo mbali na hiyo.

Kilimo hicho bado kinaonekana kutoka dirishani mwa basi. Mwishoni mwa masika mashamba ya Ufipa hujaa vichuguu vya udongo vya mviringo vilivyopangwa kwa safu, ambavyo mgeni asiyejua huvidhania makaburi au matuta ya viazi. Wenyeji huviita ntumba. Kwa kuwa nyanda hazina miti ya kutosha ya kukata na kuchoma ili kupata majivu, kama wafanyavyo Wabemba ng'ambo ya mpaka, Wafipa hukusanya nyasi zikiwa bado mbichi, huzifunika kwa udongo na kupanda maharage juu yake, na nyasi zikishaoza, katika msimu unaofuata kichuguu hutawanywa na ulezi au mahindi hupandwa katika udongo ulionona. Ni elimu ya mbolea iliyovumbuliwa kwa ajili ya nchi ya nyasi, na inastahili kutazamwa kwa heshima. Mwenye shamba akiombwa ruhusa, mara nyingi hueleza mwenyewe kwa furaha kuliko mwongozaji yeyote.

Kuteremka hadi Ziwa Rukwa ni safari ya siku moja ikiwa gari ni imara na barabara ni kavu. Njia ya Ntendo kwenda Muze hupita kando ya milima ya Mbizi, ambayo hupanda zaidi ya mita 2,000, na ambayo msitu wake umehifadhi mbega wekundu waliotengwa na jamaa zao wa mbali kwa mamia ya kilomita za nchi isiyo na msitu. Kisha huporomoka kwa kona kali kwenye ukingo uitwao Lyamba lya Mfipa. Katika mwendo huo mfupi joto hupanda kwa kadiri ile ile iliyotajwa, na mbu pia. Msafiri aliyelala Sumbawanga bila chandarua asiendelee na mazoea hayo bondeni wala mwambaoni, kwa kuwa malaria ya huko ni ya mwaka mzima. Ziwa Rukwa lina mamba wengi, na halifai kuogelewa. Tanganyika, kwa uzuri wote wa maji yake, ina kichocho mahali penye magugu na makazi ya watu.

Upande wa magharibi ndiko kwenye utajiri mkubwa zaidi, na asiye na muda wa kutosha apeleke siku zake huko. Barabara ya Matai kwenda Kasanga ina lami, na kabla ya kufika ziwani iko njia ya kuchepuka kwenda kijiji cha Kapozwa, ambako Mto Kalambo, mpaka wa Tanzania na Zambia, hudondoka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200 ndani ya korongo jembamba. Wakati unaofaa ni kati ya Aprili na Juni, maji yakiwa bado mengi na njia zikiwa zimeanza kukauka. Ifikapo Oktoba maporomoko hubaki kama uzi, ingawa mpenda ndege hupata fidia, kwa kuwa kongoti hujenga viota vyao kwenye majabali hayo wakati wa kiangazi. Upande wa Tanzania eneo hilo liko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kiingilio hulipwa hapo. Kuvuka kwenda upande wa pili ni kuingia nchi nyingine, hata kama watoto wa vijijini huonekana wakivuka bila kuulizwa.

Juu kidogo ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, mwanaakiolojia Desmond Clark aligundua mwaka 1953 mabaki ya makazi ya kale sana, na mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool walitangaza kwamba magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa kwa pengo, yaliyohifadhiwa na unyevu wa kingo za mto, yana umri usiopungua miaka 476,000. Binadamu wa aina yetu hakuwa bado amekuwapo. Hakuna jengo lililosimama hapo la kumwonyesha mgeni jambo hilo, na kwa maoni ya makala haya hiyo ni hasara kubwa kwa nchi zote mbili, kwani maelfu hulipia kuona maji na kuondoka bila kuambiwa kwamba wamekanyaga karibu na mahali palipotoa ushahidi wa kale kuliko wote wa ujenzi wa mbao duniani.

Kasanga yenyewe ilikuwa Bismarckburg ya Wajerumani hadi Waingereza walipoitwaa mwaka 1916, na ilikuwa bandari ya mwisho ya upande wa Tanzania kwa meli ya Liemba kabla ya kufika Mpulungu, Zambia. Meli hiyo iliundwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma, ikazamishwa na mabwana zake mwaka 1916 isitekwe, ikainuliwa, na kuanza kazi tena mwaka 1927. Kwa kuwa imekuwa ikisimama kwa vipindi virefu vya matengenezo, msafiri asiijengee ratiba kabla ya kupata uhakika bandarini Kigoma au Kasanga. Boti za mbao zinazobeba abiria na dagaa zipo, lakini zisipandwe upepo wa kusini unapovuma, wala na mtu asiyepewa jaketi la kuokolea.

Lililobaki ni malungu, yaani matanuri marefu ya kuyeyushia chuma, umoja wake ilungu, ambayo baadhi yake bado yamesimama porini yakizidi kimo cha mtu. Hayakuhitaji mivuo: urefu wa tanuri na matundu yaliyozunguka kitako chake vilivuta hewa vyenyewe kwa siku kadhaa, huku mkaa na mawe ya chuma vikiwa vimepangwa kwa tabaka, na chuma kilichopatikana kilisafishwa baadaye katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, ambalo ndilo lililofukutwa. Majembe ya kiwandani yaliyoletwa enzi za ukoloni yaliimaliza kazi hiyo. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda ametumia miaka mingi kuyachunguza, lakini mengi hayana uzio wala kibao, na udongo wake huporomoka mgeni anapoyapanda ili apigwe picha. Anayetaka kuyaona aanze kwa mwenyekiti wa kijiji, aamkie wazee kwa shikamoo, aeleze nia yake, na amlipe kijana atakayempeleka. Kipande cha udongo au cha mavi ya chuma kisiondolewe mahali pake, kwa kuwa mpangilio wa vipande hivyo ardhini ndio maandishi pekee waliyoyaacha mafundi hao.

Sehemu ya tatu itafuata barabara ya Namanyere hadi Kirando na mwambao wa Nkasi, kisha Sitalike na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambako msafiri wa basi atatakiwa kufunga madirisha kwa sababu ya mbung'o.