Kimependekezwa na Nani?

Oktoba iliyopita, bonasi ya chai ilipoingia, mzazi mmoja wa Bomet alimpa bintiye, ambaye ni mwanafunzi wangu, fedha za kununua kipakatalishi. Binti hakuchagua ovyo. Alisoma mtandaoni orodha ya vipakatalishi kumi bora kwa wanafunzi, akaagiza kilichotajwa kwanza. Leo betri yake haimalizi hata muhadhara mmoja.

Nilimwomba anionyeshe orodha hiyo, nikaisoma kwa jicho la sarufi, maana ndiyo kazi niijuayo. Karibu kila kitenzi kilikuwa katika kauli ya kutendwa: kimependekezwa, kimejaribiwa, kinaaminiwa. Na nani? Wapi, na kwa siku ngapi? Neno "na", ambalo katika Kiswahili humtambulisha mtenda baada ya kitenzi cha namna hiyo, halikuwapo hata mara moja. "Lakini" nayo haikuwapo. Aliyekitumia chombo mwezi mzima hakosi la kulalamikia. Asiye na "lakini" aghalabu hakukigusa, au anatazamia malipo.

Malipo yenyewe si dhana. Amazon ilianzisha mpango wa washirika mwaka 1996, na maduka mengi yakafuata: msomaji akibofya kiungo na kununua, mwenye ukurasa hupata kamisheni. Kamisheni si uongo. Hata dalali wa mnada wa chai wa Mombasa huishi kwayo. Ila huko mnunuzi hupata sampuli, akaionja kwa ulimi wake kabla ya kutaja bei. Tena alama kama BP1 na PF1 katika mifuko ya viwanda vyetu vya Kericho hazidai kwamba chai ni tamu. Zinaeleza ukubwa wa chembe zilizopita kwenye chekeche. Chekeche hilo linajulikana. La orodha ile ni lipi?

Sheria ya mwaka 2012 ya kuwalinda watumiaji inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, lakini mwandishi asiyejitaja atashtakiwa vipi? Nasi walimu tunafundisha kauli ya kutendwa kwa ugali ulioliwa na Juma, tukaishia hapo.

Nimempa binti yule orodha nyingine tatu azitafutie "na" na "lakini". Juzi alirudi na "lakini" mbili tu, zote kutoka katika malalamiko ya wanunuzi chini kabisa ya ukurasa wa duka, mahali ambapo mara ya kwanza hakufika.