Hata jimnastiki ina wenyewe Kitale na Bungoma

Wikendi ya mtaani ina ratiba yake. Jumamosi jioni Kitale mjini ni Arsenal na Manchester United, na ukienda Bungoma, kule Kanduyi, mambo ni yale yale: unalipa mlangoni, na ndani hakuna pa kukalia. Sisi wa jimnastiki hatuna ukumbi. Tuna simu, bando la usiku na kengele ya kutuamsha. Mashindano ya vyuo vya Marekani yakianza Ijumaa saa moja jioni upande wa mashariki wa nchi ile, huku ni saa tisa usiku. Timu ya California ikianza saa hiyo hiyo ya kwao, huku jogoo ameshawika, ni saa kumi na mbili asubuhi.

Tuko wachache, lakini tupo. Mimi niko Kitale. Mwenzangu wa kubishana naye yuko Bungoma, anatengeneza simu. Akipanda matatu kuja huku anapita Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, na njia nzima ananitumia sauti za WhatsApp akilalamikia majaji. "Buda, ule mguu haukupinda! Wamemwonea!" Abiria wenzake sijui huwa wanamwonaje.

Ubishi wetu mkubwa ni huu: vyuo au kimataifa? Mimi ni mtu wa vyuo. Chuo changu mwenyewe nilikiacha katikati, lakini timu ya chuo ninayo. Napenda hesabu yao kwa sababu hata mgeni anaishika kwa dakika tano. Vifaa ni vinne: meza ya kuruka, vyuma viwili (kimoja juu, kingine chini), boriti na sakafu. Kila kifaa wanapanda wasichana sita, alama tano bora zinahesabiwa. Alama ya juu kabisa ya mtu mmoja ni 10, kwa hivyo timu haiwezi kupita 200. Mwaka wa 2024 chuo cha LSU kilichukua ubingwa wake wa kwanza kwa 198.225. Piga hesabu: maonyesho 20 yaliyohesabiwa, na timu nzima imepoteza chini ya alama mbili. Mchezaji akianguka mara moja tu, nusu alama imekwenda.

Mwenzangu anaona hizo ni sherehe za shule. Yeye anataka kimataifa, ambako 10 ya zamani iliondolewa mwaka wa 2006. Siku hizi mchezaji hupewa alama mbili zinazojumlishwa. Ya kwanza ni ya ugumu, na haina kikomo: kadiri unavyothubutu, ndivyo inavyopanda. Ya pili inaanzia 10 na kushuka kwa kila kosa, na ukianguka unakatwa alama nzima. Hapo ndipo Simone Biles alipojengea jina. Ana medali 11 za Olimpiki, saba zikiwa dhahabu. Kenya nzima ilirudi kutoka Paris 2024 na medali 11, na zote ni za riadha.

Hiyo 10 yenyewe ina kisa ambacho Wakenya wengi hawakijui. Nadia Comăneci wa Romania aliipata Montreal mwaka wa 1976, na ubao ukaandika 1.00 kwa sababu haukutengenezwa kuonyesha 10. Kenya haikuwepo. Nchi nyingi za Afrika zilisusia michezo ile kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imeenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mike Boit wetu alibaki bila mbio, na historia ya jimnastiki ikaandikwa Afrika ikiwa mlangoni.

Ndiyo maana tarehe 4 Agosti 2024 mimi na mwenzangu tuliacha ubishi. Kaylia Nemour wa Algeria, msichana wa miaka 17, alipanda vyuma Paris akapata 15.700. Qiu Qiyuan wa China alimfuata na 15.500. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya jimnastiki ya Olimpiki kwa Afrika, na ikawa dhahabu moja kwa moja. Simu yangu ilijaa sauti za mtu anayepiga kelele dukani Bungoma katikati ya wateja.

Lakini ukishamaliza kushangilia, tazama safari yenyewe. Nemour alizaliwa Ufaransa na akalelewa kimchezo huko. Baada ya upasuaji wa magoti na mvutano na shirikisho la Ufaransa, aliamua kuchezea nchi ya baba yake, na ruhusa kamili ikapatikana mwaka wa 2023. Yaani hata kipaji kikubwa namna ile kilihitaji saini ya mtu ofisini. Na kabla ya saini kilihitaji vyuma, magodoro na kocha tangu utotoni.

Siku iliyofuata ikatukumbusha nguvu ya karatasi. Fainali ya sakafu: Rebeca Andrade wa Brazil dhahabu, Biles fedha, na Jordan Chiles akapandishwa hadi shaba baada ya kocha wake kukata rufaa. Wasichana watatu weusi jukwaani, jambo ambalo Olimpiki haikuwahi kuliona katika jimnastiki. Siku chache baadaye mahakama ya michezo ikasema rufaa ile ilifika sekunde 4 baada ya dakika moja inayoruhusiwa. Shaba ikaenda kwa Ana Bărbosu wa Romania, na Chiles akaipeleka kesi mbele katika mahakama ya Uswisi. Mwenzangu bado hataki kusikia habari hiyo. Mimi huwaambia wasee wa kandanda: nyinyi mnalia na VAR, sisi tunalia na saa ya mkononi.

Na timu yenyewe inaweza kukufia mikononi. Chuo cha Fisk, pale Nashville, kilikuwa cha kwanza kati ya vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi kuwa na timu ya jimnastiki ya wanawake. Walianza kushindana Januari 2023. Mwaka wa 2025 chuo kikatangaza kwamba msimu wa 2026 ndio wa mwisho. Shabiki wa Nzoia Sugar anajua uchungu wa timu kushuka daraja. Timu kufutwa ni msiba mwingine.

Sasa kuna watakaouliza, haya yote yanatuhusu nini huku? Yanatuhusu kwa sababu watoto wetu tayari wanacheza. Pita uwanja wowote wa shule Jumapili mchana, Kitale au Bungoma, utawakuta wakipiga samasoti kwenye nyasi kavu na murram. Wameona video za sekunde kumi. Video haionyeshi kwamba sakafu ile ina springi chini yake, wala kwamba mbinu mpya hujaribiwa kwanza juu ya shimo lililojaa sponji. Haionyeshi pia Tokyo, tarehe 27 Julai 2021, Biles aliporuka akitaka kuzunguka mara mbili na nusu, akazunguka moja na nusu, akapotea hewani. Akaondoka kwenye fainali ya timu. Watu walimwita mwoga. Shabiki aliyefuatilia alijua kwamba ukitua vibaya kutoka juu namna ile, shingo haina mechi ya marudiano.

Kaunti zetu zinapenda viwanja. Masinde Muliro pale Kanduyi ulikarabatiwa, na ukapokea sherehe za kitaifa za Madaraka mwaka wa 2024. Vizuri. Lakini boriti ya sentimita 10 sijaiona humo, wala godoro nene, wala mwalimu aliyefunzwa kumshika mtoto kiunoni anapopinduka. Tuanzie hapo, medali zitajijua baadaye.

Mpwa wa mwenzangu ana miaka minane. Mwezi jana alimfuata dukani na kumwambia, "Mjomba, nichukue video, naruka nyuma kutoka ukutani." Ukuta uko juu ya mfereji wa saruji. Mjomba mwingine angewasha kamera na kungoja likes. Huyu alifunga duka, akamtolea godoro kuukuu nje, akamfundisha kitu kimoja tu: kutua. Miguu pamoja, magoti yakunje kidogo, mikono mbele, usisogee. Mtoto alirudia mara ishirini, akikatwa alama kila akiyumba.

Video haikuchukuliwa. Mtoto alinuna hadi jioni. Kesho yake alirudi akauliza kama leo anaweza kupata 10.