Serikali inapokuwa mteja wa kwanza: India inavyogharamia vitabu vya lugha zake

Mfanyabiashara anayevuka Namanga, Mutukula au Rusumo huhesabu fedha zake kwa laki. Hujiuliza gari limebeba mzigo wa laki ngapi, duka limeingiza pesa kiasi gani, na bima imelipwa au bado. Katika sentensi hiyo moja amekwisha kutumia maneno yaliyofika pwani yetu na jahazi kutoka Bara Hindi: laki, gari, duka, pesa, bima. Yaliletwa na watu waliokuja kuuza nguo na kununua karafuu na pembe, wengi wao wakizungumza Kigujarati na Kikachchi.

Lugha hizo ziko hai hadi leo. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu watu zaidi ya milioni 55 wenye Kigujarati kama lugha ya mama. Idadi hiyo inapita Wakenya wote waliohesabiwa mwaka 2019. Hata hivyo, mchapishaji wa riwaya au mashairi kwa Kigujarati, Kikannada au Kiodia kwa kawaida hathubutu kutoa zaidi ya nakala elfu moja kwa toleo la kwanza. Wengi siku hizi huchapa pungufu ya hapo.

Soko kubwa, mauzo madogo. Katika pengo hilo ndipo serikali ya India, ya shirikisho na za majimbo, zimekuwa zikitia fedha kwa miaka mingi. Tunaosafirisha mali kati ya nchi za Afrika Mashariki, na tunaosikia kila mwaka kwamba Kiswahili ni lugha ya biashara ya ukanda huu, tuna sababu ya kutazama fedha hizo zinapitia wapi na zinakwama wapi.

Lugha 22 katika Katiba

Katiba ya India ina Jedwali la Nane, ambalo huorodhesha lugha zinazotambuliwa rasmi kuwa za kuendelezwa. Katiba ilipoanza kutumika mwaka 1950 zilikuwa 14. Sasa ni 22, na nne za mwisho kuingizwa ni Kibodo, Kidogri, Kimaithili na Kisantali. Ukubwa wake hautofautiani kidogo. Kihindi kilihesabiwa na watu zaidi ya milioni 500 mwaka 2011, Kibodo na watu wasiofika milioni moja na nusu, na Kisanskriti, lugha ya maandiko ya kale, na watu wasiofika 25,000.

Mchapishaji wa Kihindi anaweza kutegemea soko. Wa Kisantali hawezi. Lugha hiyo ina hati yake, Ol Chiki, iliyobuniwa na Raghunath Murmu mwaka 1925, kwa hiyo hata herufi za kuchapia zilipaswa kutengenezwa kwanza. Gharama ya namna hiyo hairudi kwa kuuza vitabu mia tatu gulioni.

Fedha zinapita njia nne

Njia ya kwanza ni kulipia uchapishaji wa mswada. Taasisi Kuu ya Lugha za India, iliyoanzishwa Mysuru mwaka 1969, ina mpango wa ruzuku unaosaidia kuchapisha miswada, kununua nakala za vitabu vilivyokwisha kutoka, na kuyabeba majarida madogo ya fasihi. Mpango huo hauhusu Kihindi, Kiurdu, Kisindhi na Kisanskriti, kwa kuwa hizo zina vyombo vyake. Majimbo nayo yana mipango yao. Karnataka, kwa mfano, iliunda Mamlaka ya Vitabu vya Kikannada mwaka 1993, na moja ya kazi zake ni kusaidia waandishi wanaotoa kitabu cha kwanza.

Njia ya pili, ambayo wachapishaji huipenda kuliko zote, ni serikali kununua vitabu kwa ajili ya maktaba. Wakfu wa Maktaba wa Raja Rammohun Roy, wenye makao Kolkata, ulianzishwa mwaka 1972 kwa kazi hiyo. Una mfuko ambao jimbo hutoa fungu lake na wakfu hutia lake, kisha vitabu vinanunuliwa na kugawiwa. Tamil Nadu ilitangulia. Sheria yake ya maktaba za umma ilipitishwa mwaka 1948, wakati jimbo likiitwa Madras, ikaweka tozo ya maktaba juu ya kodi ya majengo. Kila mwenye nyumba mjini anachangia rafu ya vitabu, apende kusoma asipende.

Njia ya tatu ni serikali kuchapisha yenyewe. Sahitya Akademi, chuo cha fasihi cha taifa kilichozinduliwa mwaka 1954, hufanya kazi katika lugha 24: zile 22 za Jedwali pamoja na Kiingereza na Kirajasthani. Tuzo yake ya mwaka kwa kila lugha ni rupia laki moja. Shirika la Vitabu la Taifa, lililoundwa mwaka 1957, huchapisha vitabu vya bei nafuu na kuandaa maonyesho makubwa ya vitabu ya New Delhi. Mwaka 2021 lilipewa mpango wa waandishi vijana chini ya miaka 30: kila aliyechaguliwa alilipwa rupia 50,000 kwa mwezi kwa miezi sita, yaani laki tatu, na kitabu chake kikachapishwa kwa mrabaha wa asilimia 10.

Njia ya nne ni tafsiri. Tangu Januari 2023 Tamil Nadu imekuwa ikiandaa Chennai maonyesho ya kimataifa ya vitabu, ambako wachapishaji wa nje hukutana na wale wa Kitamil na kuomba ruzuku ya kutafsiri kazi za Kitamil kwa lugha zao. Hapo jimbo linalipia ili mali yake ivuke mpaka.

Tupige hesabu

Biashara asubuhi, jioni mahesabu. Tuchukue mfano wa kubuni ili tuone kwa nini mchapishaji mdogo anaililia oda ya maktaba.

Tuseme amechapa nakala 1,000 kwa gharama ya rupia 80 kila moja, jumla rupia 80,000. Bei ya rafuni ni 200. Duka linachukua asilimia 40, mwandishi asilimia 10, na mchapishaji anabakiwa na rupia 100 kwa nakala. Ili kurudisha mtaji ni lazima auze nakala 800 madukani. Kwa kitabu cha mashairi hilo linaweza kuchukua miaka kumi, na mchwa hawasubiri.

Sasa maktaba inakuja na kununua nakala 300 kwa punguzo la asilimia 25, yaani rupia 150. Akimlipa mwandishi 20, anabakiwa na 130 kwa kila moja, jumla rupia 39,000. Deni lililobaki ni 41,000, na nakala 410 za dukani zinalimaliza. Oda moja imemshusha kutoka 800 hadi 410. Anaweza kumpokea mwandishi mwingine.

Lakini mfano huo unadhani malipo yanafika siku mzigo unapopokelewa. Muulize yeyote aliyewahi kuiuzia ofisi ya umma. Ikiwa mchapishaji amekopa zile 39,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka na malipo yakachelewa miaka miwili, riba peke yake ni rupia 9,360, karibu robo ya fedha anazodai. Ruzuku inageuka kuwa mzigo. Malalamiko ya malipo kuchelewa, na ya bei ya ununuzi kupangwa kwa idadi ya kurasa bila kufuata bei ya karatasi, husikika kila mara miongoni mwa wachapishaji wa lugha za majimbo.

Kodi nayo ina fundo lake. Vitabu vilivyochapwa havitozwi kodi ya bidhaa na huduma iliyoanza India mwaka 2017. Ila karatasi na kazi ya kupiga chapa hutozwa, na kwa kuwa kitabu chenyewe kimesamehewa, mchapishaji hawezi kudai arudishiwe alicholipa nyuma. Msamaha unaoonekana dukani umelipiwa kiwandani.

Mnunuzi mwenye masharti

Anayelipa hutaka kuchagua wimbo. Mwaka 2016 Baraza la Taifa la Kukuza Lugha ya Kiurdu, ambalo hununua vitabu kwa wingi kusaidia waandishi na wachapishaji, lilizua mjadala mkali. Waandishi walioomba vitabu vyao vinunuliwe waliwekewa fomu ya kusaini, pamoja na mashahidi wawili, wakitamka kwamba kitabu hakina jambo lililo kinyume na sera za serikali au maslahi ya taifa. Wengi waliona kwamba hapo msaada umegeuka kuwa leseni.

Mwaka mmoja kabla, Agosti 2015, mwanazuoni wa Kikannada M. M. Kalburgi, aliyewahi kutuzwa na Sahitya Akademi, alipigwa risasi na kuuawa nyumbani kwake Dharwad. Makumi ya waandishi wa lugha mbalimbali walirudisha tuzo zao wakisema chombo kinachowaheshimu kwa fedha kilikuwa kimya mno wakati mmoja wao ameuawa.

Kuna hatari nyingine isiyo na kelele. Mnunuzi akiwa mmoja, mali hutengenezwa kwa kumtazama yeye. Vitabu huchapwa ili vipite kwenye kamati, vikapelekwa maktaba, vikakaa humo bila kufunguliwa. Mchapishaji hajifunzi kutafuta msomaji kwa sababu hana haja naye. Wahenga walisema kizuri chajiuza, ila kitabu kilichofungiwa ghalani hakijiuzi hata kikiwa kizuri namna gani.

Kerala walianza na rupia 120

Mwaka 1945, kabla India haijapata uhuru, waandishi 12 wa Kimalayalam walikutana Kottayam na kuunda chama cha ushirika cha kuchapisha vitabu vyao wenyewe. Mtaji wao ulikuwa rupia 120. Waliungana na mkondo mwingine uliokuwa ukikua wakati uleule, maktaba za vijijini zilizoundwa na wananchi, na wakajenga maduka ya kuuzia. Mwaka 1974 D. C. Kizhakemuri, aliyekuwa mmoja wa nguzo za ushirika huo, alianzisha kampuni yake ya DC Books mjini humohumo, na leo ni miongoni mwa wachapishaji wakubwa wa Kimalayalam.

Kimalayalam kina wasemaji wachache kuliko Kigujarati, wapatao milioni 35 mwaka 2011. Lakini riwaya ya Benyamin iitwayo Aadujeevitham, ya mwaka 2008, kuhusu kibarua wa Kerala aliyekwama akichunga mbuzi katika jangwa la Saudi Arabia, imechapwa upya zaidi ya mara mia moja. Wenye ndugu waliokwenda Ghuba kutafuta riziki waliijua habari ile kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Serikali ya Kerala nayo inasaidia vitabu na maktaba. Tofauti ni kwamba msaada wake ulikuta wasomaji na maduka tayari yapo.

Mpaka ukifungwa

Kibengali kilihesabiwa na watu milioni 97 upande wa India, na ng'ambo ya mpaka ipo Bangladesh yenye watu zaidi ya milioni 160, wengi wao wasemaji wa lugha hiyohiyo. Kwa mchapishaji wa Kolkata hilo lingekuwa soko la ndoto. Maonyesho ya vitabu ya Kolkata, yaliyoanza mwaka 1976, yalikuwa na banda la Bangladesh mwaka hadi mwaka. Mwaka 2025, uhusiano wa serikali hizo mbili ulipoharibika, banda hilo halikuwapo. Hakuna ruzuku ya uchapishaji inayoweza kufidia lori lisilovuka.

Sisi tumefika wapi

Mbinu ya kununua nakala mapema si ngeni kwetu. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulikuwa ukimtaka mchapishaji achape nakala 5,000, mradi ukanunua 3,000 kwa ajili ya shule, na 2,000 akauze mwenyewe. Fungu lile la 2,000 lilimlazimisha kutafuta duka na msomaji. Na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa miaka ya karibuni, imeifanya serikali ya Tanzania igharamie uchapishaji wa miswada inayoshinda.

Kiswahili sasa ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa uamuzi wa wakuu wa nchi wa mwaka 2021. Siku mpango wa vitabu wa Jumuiya utakapowekwa mezani, wafanyabiashara wana maswali ya kuuliza, na hayahitaji shahada ya fasihi. Nakala ngapi zinanunuliwa na ngapi lazima ziingie sokoni? Malipo ni baada ya siku ngapi, na yakichelewa nani anabeba riba? Orodha ya vitabu vilivyonunuliwa inatangazwa wapi? Kodi ya karatasi inahesabiwaje? Na boksi la vitabu likitoka Dar es Salaam kwenda Bujumbura au Goma, linapita mpakani kwa karatasi zipi?

Wahindi wamelipa ada ya majibu ya maswali hayo kwa miaka zaidi ya sabini. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari lao liko wazi kwa anayetaka kusoma.