Kabla ya kulipa cheti cha usalama wa meli



Juzi mdogo mmoja wa hapa Kasenga alinionyesha tangazo kwenye telefone: masomo ya siku tano, dola 200, kisha unakuwa afisa wa ulinzi wa meli kule Ghuba. Baba yake alikuwa tayari kuuza mbuzi. Mimi nilisomea kilimo, siyo bahari. Lakini niliketi nikasoma sheria, na haya njo nilimwambia.

Kwanza, neno lenyewe. Sisi tunasemaka "usalama" tu. Kifaransa kinatenga mambo mawili. Sécurité ni moto, kuzama, jile ya kuokolea. Sûreté ni maharamia, silaha, wizi, mtu kuingia melini bila ruhusa. Cheti cha moja hakikupi nyingine.

Pili, ngazi. Mkataba wa STCW wa 1978, vile ulirekebishwa Manila mwaka 2010, uko na ngazi tatu za sûreté. Ya kwanza ni ya kila mfanyakazi wa meli: kutambua hatari na kutoa habari. Ya pili ni ya wenye kazi ya ulinzi, kama kukagua mizigo na kuangalia wanaopanda. Ya tatu njo afisa wa ulinzi wa meli. Huyo lazima awe amekwisha kufanya kazi baharini na anajua meli inavyoendeshwa. Siku tano za darasani peke yake hazitoshi hata kidogo.

Basi uliza: ni ngazi gani? Serikali gani imekubali masomo haya? Kama wanakwepa, funga mfuko.

Tatu, ziwa letu. STCW ni ya meli za baharini. Meli zinazobaki ndani ya ziwa haziguswi. Maboti ya Kalundu yanategemea sheria ya nchi na watu wa kuisimamia. Desemba 2014, MV Mutambala ilizama kwenye Tanganyika hii, wafu wakapita 100. Viongozi walitaja mzigo kupita kiasi na upepo mkali. Hapo hakukuwa maharamia.

Mdogo hakulipa. Mbuzi wako zizini. Lakini aliniuliza swali ambalo nawaachia: yule anayehesabu abiria pale bandarini kwetu, nani alimfundisha?